UZI: KNS, HMS, USS, MV... hizi herufi za mbele ya majina ya meli zina maana gani hasa?

#1 Mtoto wa Likoni
Salaam waungwana. Ubishi umetushinda hapa kazini Kilindini, bandarini Mombasa, nauleta kwenu.

Mtu kaingia asubuhi akasema "Nyayo imetoka". Mmoja akadakia, basi foleni ya feri Likoni itapungua. Kumbe mwenzake azungumzia Nyayo ya Mtongwe, kambi ya jeshi la majini, manowari. Hapo zogo likaanza, maanake mji huu umeshakuwa na MV Nyayo ya kuvusha watu na KNS Nyayo ya jeshi, ukawa na MV Harambee na KNS Harambee vilevile. Jina lile lile, mbele herufi tofauti. Mmoja ashikilia KNS ni "Kenya National Ship". Mwingine ati S ni ya "Service". Mie nasema ni Kenya Navy Ship, basi.

Sasa maswali. Kwa nini feri ni MV, zamani kulikuwa na SS, Waingereza wana HMS? Nani huzigawa? Kuna ofisi duniani ya kazi hiyo? Wenye elimu ya bahari karibuni.

#2 Msema Kweli
Kumbe huko kazini mwakaa mwahesabu herufi. Nafasi zikitangazwa niambieni.

#3 Baharia Mstaafu
Mwanangu, wewe ndiye uliye sawa. KNS ni Kenya Navy Ship. Hiyo "National" muulize mwenzio kaitoa wapi.

Yako mafungu mawili, na watu huyachanganya. Fungu la kwanza ni la meli za raia, nazo herufi zakwambia chombo ni cha namna gani au chafanya kazi gani. MV ni motor vessel, chombo cha injini ya dizeli. SS ni steamship, meli ya mvuke. MT ni tanka la mafuta. RV ni meli ya utafiti, kama RV Mtafiti ya hawa KMFRI wetu, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, iliyotoka Ubelgiji ikiitwa Zeeleeuw.

Fungu la pili ni la jeshi. Hapo herufi hazisemi habari ya mashine, zasema chombo ni cha nani. HMS ni meli ya Mtukufu Mfalme wa Uingereza. USS ya Marekani. INS ya India. Manowari ya Marekani iwe yaenda kwa mvuke, dizeli au nyuklia, ni USS tu. Ndiyo maana KNS Nyayo ina injini za dizeli kama feri, na hakuna mtu atakayeiita MV.

#4 Mtoto wa Likoni
Shukrani mzee. Nimewasomea, aliyesema "National" kaenda kunywa chai.

#5 Fundi wa Mbaraki
Mzee #3 heshima yako, ila kwa SS nina neno. Mwanzo wa meli za mvuke zilikuwa namna mbili. Ziko zilizokuwa na gurudumu kubwa la makasia ubavuni, hizo ziliandikwa PS, na ziko zilizokuwa na rafadha nyuma kama hizi za leo. Rafadha kwa Kiingereza wakati ule ni "screw". SS ni screw steamer. Zile za magurudumu zilipokufa, ikawa hakuna haja ya kutofautisha, watu wakaisoma "steamship".

Na MT si tanka peke yake. Tagi, zile za kuvuta meli, nazo huandikwa MT, motor tug. Ukisikia kwenye redio ya bandari MT fulani yaja upande wako, usidhani ni mafuta.

#6 Baharia Mstaafu
Fundi, mimi nimepanda meli za mvuke wewe hujazaliwa. Kitabu changu cha ubaharia kimeandikwa steamship, kwa mkono wa nahodha.

#7 Fundi wa Mbaraki
Sikatai mzee. Lakini nahodha wako hakuwa baharini mwaka 1850.

#8 Kaka wa Dar
Wakuu habari za huko. Kwa fungu la kwanza la mzee #3 tunao ushahidi. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliijenga 1913 pale Papenburg ikiitwa Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma. 1916 wakaizamisha wenyewe wasiwaachie adui, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka yote hiyo ilikuwa ya mvuke, ikaandikwa SS. Miaka ya 1970 ikafungwa dizeli, ikawa MV. Chombo kilekile, jina lilelile, kimebadilishwa moyo tu na herufi zikabadilika.

#9 Kijana wa Magongo
Mie ni klaringi, mtoa mizigo bandarini, nashinda na manifesti, yaani orodha za mizigo ya meli. Niwaambie ukweli wa mezani: hizo MV wala si sehemu ya jina. Kwenye karatasi mwaandika jina la meli, namba ya safari na namba ya IMO, shirika la bahari la kimataifa, ambayo ni tarakimu saba. Hiyo namba haibadiliki hata meli ikiuzwa mara kumi na kupewa majina kumi. MV ni heshima tu, kama "Bwana".

#10 Fundi wa Mbaraki
#9 nakuunga mkono. Siku meli iko kavu, nenda usimame nyuma yake chini ya tezi, utazame juu. Utaona jina, na chini yake bandari ya usajili: MONROVIA, PANAMA, MAJURO. Herufi zimeinuka kidogo, maanake huchomelewa kwanza kwa waya wa weldingi, ndipo mtu wa rangi afuate mstari na brashi yake. Ndiyo maana hata meli ikibadilishwa jina, ukiangalia kwa jua la jioni la pembeni wasoma jina la zamani chini ya rangi mpya. Mafundi wengine huzisaga zikaisha, wengine huvivia. Lakini zile MV sijaziona zikichomelewa nyuma hapo.

Hata Wamarekani, manowari zao tezini huandikwa jina tupu bila USS.

#11 Msema Kweli
Kwa hiyo hata kwenye chuma chenyewe hazipo. Tumebishana juu ya kitu kisichokuwapo.

#12 Bint Mji wa Kale
Zipo, ila zimekwama kwenye kuta za mji. Nani hapa amepita Leven House, pale karibu na Bandari ya Kale, ukashuka ngazi za Leven hadi majini? Hilo jina ni la manowari. HMS Leven ya Kapteni Owen, iliyofika hapa 1824. Mazrui, watawala wa Mombasa wakati ule, walikuwa wamebanwa na Sultani Sayyid Said wa Omani, wakataka bendera ya Kiingereza. Owen akawapa, bila London kumtuma, na hadi 1826 Mombasa ikawa chini ya ulinzi ambao serikali yake mwenyewe haikuutaka. Wageni nikiwapeleka pale huuliza kama Leven ni jina la Myahudi aliyejenga nyumba. Nawaambia hapana, ni meli, na mbele yake palikuwa na HMS.

Na HMS nyingine hazikuja na bendera, zilikuja na mizinga. Januari 1875 HMS Nassau na HMS Rifleman zilipiga Ngome ya Yesu hadi Al-Akida, mkuu wa ngome aliyeasi, akasalimu amri.

#13 Mpemba Halisi
Kama mwataka historia ya herufi, msizisahau za kwetu. Sayyid Barghash wa Unguja alikuwa na HHS Glasgow. HHS, meli ya Mtukufu Sultani: kule Uingereza ni "Majesty", huku "Highness". Kimbunga cha 1872 kilimvunjia merikebu zake. Baadaye akaagiza hii, ikajengwa Uskoti 1878 kwa mfano wa HMS Glasgow ya Waingereza aliyoiona. Yaani jina kaliiga, umbo kaliiga, na herufi kaziiga akabadilisha moja.

Mwisho wake mwaujua. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, kakataa kutoka kwenye kasri, HMS St George na wenzake wakafungua mizinga. Glasgow ikajibu, ikazamishwa palepale mbele ya mji. Vita havikufika saa moja. Milingoti yake ilikaa ikitokeza juu ya maji hapo Forodhani miaka na miaka, mpaka mabaki yakaja kuondolewa 1912.

#14 Kaka wa Dar
HHS dhidi ya HMS. Herufi moja imewagharimu kasri.

#15 Mpemba Halisi
Mkuu, kasri iligharimiwa na inchi za mizinga, si herufi.

#16 Mwalimu wa Tudor
Uzi mzuri. Naomba niongeze upande wa siasa, maana #3 kasema herufi zasema chombo ni cha nani, na hapo ndipo pana utamu.

Kabla ya Uhuru palikuwa na jeshi la majini la Afrika Mashariki, makao yake hapa Mombasa, likavunjwa 1962. Meli yao iliyojulikana ni HMEAS Rosalind. Yaani meli ya Mtukufu Mfalme au Malkia, ya Afrika Mashariki. India walikuwa na HMIS, walipokuwa jamhuri 1950 wakaikata ikawa INS. Pakistan waliibeba HMPS mpaka 1956, wakawa jamhuri, ikawa PNS. Ukitazama utaona kanuni: Mfalme akitoka, H na M zinatoka naye.

Sisi tuliruka hatua hiyo. Jeshi letu la majini lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964, siku ileile nchi ilipokuwa jamhuri. Kwa hiyo Simba, Chui na Ndovu zilizofika 1966 zilikuwa KNS tangu siku ya kwanza.

#17 Msema Kweli
Wanyama watatu. Kumbe KNS ni Kenya National... Safari.

#18 Mama wa Kongowea
Mwalimu #16, kuhusu Mfalme na Malkia, mama yangu alikuwa akitusimulia ile SS Gothic ilivyokaa bandarini Februari 1952 imepambwa, yamngojea Princess Elizabeth apande kwenda Australia na New Zealand. Yeye yuko huko Nyeri, babake akafa tarehe 6. Badala ya kupanda meli karudi kwao kwa ndege, na sasa ni Malkia. Usiku mmoja kila HMS duniani ikatoka kuwa ya "His" ikawa ya "Her", na hakuna aliyeshika brashi.

#19 Mwalimu wa Tudor
Na Septemba 2022 ikarudi "His". Walichagua vizuri, H inatosha wote wawili.

#20 Mjukuu wa Gana
Mimi napita tu kimyakimya humu lakini uzi huu umenigusa. Babu mzaa baba alikuwa gana, mpiga mzinga wa jeshi la Afrika Mashariki. Alipakiwa hapa Kilindini Februari 1944 kwenye meli Khedive Ismail, wakienda Colombo. Tarehe 12 wakiwa karibu na visiwa vya Maldives nyambizi ya Kijapani I-27 ikawapiga. Ilizama kwa dakika chache mno. Waliokuwemo walikuwa 1,511, waliokufa 1,297, na wengi walikuwa askari wetu wa mizinga. Babu hakurudi. Wengi wa hao kaburi lao ni bahari, majina yako kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki kule makaburi ya vita ya Nairobi.

Swali langu ni dogo. Nikisoma, pengine meli hiyo imeandikwa SS Khedive Ismail, pengine HMT. Ilikuwa ya nani basi? Ya kampuni au ya Mfalme?

#21 Baharia Mstaafu
Poleni sana. Mungu awarehemu.

SS ni ya amani, ilikuwa meli ya abiria. Vita vilipokuja serikali ilizikodi au kuzichukua meli za abiria zibebe askari, ikapachikwa HMT, His Majesty's Transport. Meli moja, herufi za nyakati mbili. Zote ni sawa.

#22 Kijana wa Magongo
Mie nimesoma mahali HMT ni Hired Military Transport, yaani ya kukodi. Hapo jibu la "ya nani" lageuka kabisa.

#23 Fundi wa Mbaraki
Na wengine husema T ni ya Troopship. Halafu kuna HMT ya trawler, zile za kuvulia zilizofungwa mizinga. Hata hiyo Rosalind ya Mwalimu ilijengwa kwa umbo la trawler. Kwa hiyo ukikuta HMT kwenye karatasi ya vita tupu, bila jina unalolijua, yaweza kuwa meli ya askari elfu au chombo cha watu thelathini.

#24 Mjukuu wa Gana
Asanteni. Nimeelewa kwamba hata wao walikuwa hawajakubaliana.

#25 Bint Mji wa Kale
#20, kuna jambo moja la kukaa nalo. Manowari zilizokuwa zikiilinda, HMS Petard na HMS Paladin, ziliizamisha I-27 siku ileile. Kwenye maji palikuwa na manusura bado. Watu waliokuwako waliliandika hilo kwa uchungu.

#26 Mwalimu wa Tudor
Tukiwa bado kwenye vita. Mwajua kwamba Mombasa ilikuwa na HMS zisizoelea? Aprili 1942 Wajapani walipopiga Colombo na Trincomalee, kikosi cha Waingereza cha Mashariki kilihamia Kilindini, hata HMS Warspite ilitia nanga hapa. Kambi ya nchi kavu ikapewa jina HMS Tana. Na wale wataalamu wa kufungua siri za redio za Kijapani waliwekwa Allidina Visram, shule ile ile iliyo juu ya bahari. Wenyewe wakaiita HMS Allidina.

#27 Msema Kweli
Ngoja kwanza. Shule imekuwa meli?

#28 Kijana wa Magongo
Mie nimesoma Allidina. Kumbe nilikuwa baharia na karo nililipa ya bure.

#29 Mama wa Kongowea
Na mwalimu wa zamu alikuwa nahodha. Ndiyo maana mkichapwa mlikuwa mwayumba.

#30 Mwalimu wa Tudor
Chekeni, lakini ina sababu. Sheria ya nidhamu ya jeshi la majini la Uingereza ilimshika mtu aliyeandikwa kwenye daftari la meli. Ukiwa baharia lakini umekaa ofisini nchi kavu, huna meli, sheria haikukufikia vizuri. Kwa hiyo kambi ikaandikwa kuwa meli. Ukitoka langoni kwenda mjini huambiwa "unashuka", na ukichelewa kurudi umeachwa na meli, ingawa meli yenyewe ina msingi wa mawe ya matumbawe.

India ni hivyohivyo. Ule uasi wa mabaharia wa Bombay wa Februari 1946 ulianzia HMIS Talwar, nayo ilikuwa chuo cha mawasiliano nchi kavu.

#31 Fundi wa Mbaraki
Mie nilivyoambiwa na wazee wa Mbaraki ni tofauti: walifanya hivyo kumchanganya adui. Mjapani akinasa redio asikie HMS Tana, aanze kuitafuta baharini.

#32 Baharia Mstaafu
Na mimi nasema ni mazoea tu. Mtu wa majini akiwekwa nchi kavu hujenga meli kichwani. Sakafu ataiita sitaha, jikoni ataita geli. Waliipa kambi HMS kwa sababu hawakujua kuishi kwa namna nyingine.

#33 Mwalimu wa Tudor
Ya #31 sikubaliani nayo, Waingereza walianza hayo kabla ya redio. Ya mzee #32 yaweza kuwa pamoja na ya sheria.

Kwa kuongezea, leo kuna KNS Tana. Ila hiyo ni chombo kweli, ilijengwa Hispania 1994 pamoja na KNS Galana. HMS Tana haikuelea, KNS Tana yaelea. Maendeleo hayo.

#34 Msema Kweli
Sasa mimi na swali la maana, nimewaacha mcheze. Kwa nini tunabeba herufi za Kiingereza? Jina Jasiri, Shujaa, Shupavu, Umoja, yote Kiswahili safi, halafu mbele twabandika Kenya Navy Ship. Malaysia wana KD, kwa lugha yao, Kapal Di-Raja. Indonesia wana KRI. Uturuki TCG, yao. Mjerumani wa zamani alikuwa na SMS kwa Kijerumani.

Napendekeza MJK. Manowari ya Jamhuri ya Kenya. MJK Jasiri. Iseme kwa sauti uone inavyokaa mdomoni.

#35 Mama wa Kongowea
MJK yasikika kama kampuni ya basi la usiku.

#36 Kaka wa Dar
Wakuu mmelewa Kiswahili leo, raha iliyoje. Ila SMS Königsberg, ile manowari ya Wajerumani, mara ya kwanza kuisoma nilidhani ni ujumbe wa simu.

#37 Mpemba Halisi
Huo ujumbe ulifika Unguja tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri. HMS Pegasus imetulia bandarini yatengeneza mashine, Königsberg ikatokea ikaipiga, watu 38 wakafa. Halafu ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji mpaka Waingereza wakaimaliza Julai 1915.

#38 Mwalimu wa Tudor
Na herufi zake nazo zilikufa. SMS ni meli ya Mtukufu Kaisari. Kaisari alipoondoka 1918 hakukuwa na Mtukufu wa kuandikwa. Wajerumani wa leo hawaweki kitu mbele ya jina, ila wakiwa na wenzao wa NATO huandikiwa FGS ili wasichanganywe. Ufaransa vivyo hivyo, kwao hakuna, NATO huwapa FS. Urusi na China hawana. Tena wako wanaogongana: INS ni India, na kwa Kiingereza ni Israeli pia. HMS ni Uingereza, na Waswidi kwa lugha yao wana HMS yao.

Kwa hiyo Mtoto wa Likoni, swali lako la ofisi ya dunia jibu ni hapana. Kila nchi hujipangia. Marekani wenyewe walikuwa wakiandika wapendavyo mpaka Januari 1907, Rais Theodore Roosevelt alipotoa amri kwamba zote ziwe USS.

#39 Mtoto wa Likoni
Sasa kama hakuna ofisi, baharini wajuaje hii ni manowari na hii si manowari? Si kwa herufi?

#40 Kijana wa Magongo
Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 29. Manowari ni meli ya jeshi la nchi, iwe na alama za nje za kuonyesha uraia wake, iongozwe na afisa aliyepewa kamisheni na serikali, na mabaharia wake wawe chini ya nidhamu ya jeshi. Herufi za mbele hazitajwi popote. Waweza kuiita jina tupu na bado ni manowari, na waweza kuandika HMS kwenye mtumbwi wako wa Kilindini usipate kinga yoyote.

#41 Baharia Mstaafu
Lakini mwanangu hiyo kamisheni ndiyo herufi. Marekani meli haiitwi USS mpaka siku ya kupokelewa jeshini rasmi, na ikistaafishwa yapoteza USS. Zile zao za mizigo zenye wafanyakazi raia ni USNS. Kwa hiyo anayejua kusoma, herufi zamwambia kama ndani mna afisa mwenye kamisheni au mna mabaharia kama mimi wenye mkataba wa mshahara.

#42 Fundi wa Mbaraki
Kwa Marekani sawa. Kwa nyingine sivyo. Hebu tuseme Doria, ile ya kulinda wavuvi. Magazeti mengine yaandika MV Doria, mengine PV Doria, ya doria. Kwa kanuni ya mzee ingebidi ofisi moja iseme. Mbona kila mwandishi ana lake?

#43 Msema Kweli
PV Doria ni "chombo cha doria Doria". Mwenye kuipa jina alikuwa na haraka ya kwenda kula.

#44 Baharia Mstaafu
Mwandishi wa gazeti si msajili wa meli.

#45 Mama wa Kongowea
Kuhusu MV, mie MV niliyoijua ni Faina tu. Ile ya vifaru vya T-72, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikaja kufika hapa Februari 2009. Watu walijaa ufukweni kutazama. Motor vessel hiyo, ya raia kabisa kwa herufi, na tumbo limejaa vifaru. Sasa mniambie herufi zasema chombo chafanya kazi gani.

#46 Baharia Mstaafu
Kazi ilikuwa kubeba mzigo. Mzigo ni mzigo.

#47 Mama wa Kongowea
Haya baba.

#48 Bint Mji wa Kale
Turudi kwa Königsberg kidogo, #36 na #37. Mizinga yake Wajerumani waliitoa majini, wakaivuta nchi kavu wakapigana nayo vita vyote vya Tanganyika. Mmoja uko hapa Ngome ya Yesu. Na karibu yake uko mzinga wa HMS Pegasus. SMS na HMS zilizopigana Unguja, leo mizinga yao yachomwa jua pamoja, na watoto wa shule hupanda juu wakapigwa picha. Nikiwauliza upi ni upi, kila mtoto ana lake.

#49 Kaka wa Dar
Mzinga wa Rufiji unafanya nini Mombasa? Tunaudai.

#50 Mpemba Halisi
Na wa Pegasus ulipigwa Unguja. Tunaudai na sisi.

#51 Bint Mji wa Kale
Njooni muichukue, lakini njooni na lori lenu. Mkirudi na njia ya Lunga Lunga mkavukia Likoni, lori hulipiwa. Msije mkasema hamkuambiwa.

#52 Msema Kweli
Na mkifika feri mseme mwaitaka Nyayo ipi.